Mtahiniwa wa Kumi na Tano

Kila mwisho wa mwaka mwalimu mkuu wetu, Isaiah Kiarie, husimama mbele ya wazazi na kusoma mafanikio ya shule. Hata ule mwaka ambao shule haikufanikiwa kwa lolote aliyasoma, na yalichukua muda uleule. Mimi hufundisha Kiswahili katika Umande Academy, mtaani Langas hapa Eldoret, na nimeyasikia mafanikio hayo mara nyingi hivi kwamba nimejifunza kulala nikiwa nimeketi wima. Mafanikio ya mwaka ule wa kwanza kamili baada ya korona sikuyalalia. Mojawapo lilikuwa likipakua pilau nyuma ya hema, na halikutajwa.

Huyo alikuwa Maximilla Nabwire, mpishi wetu. Sote tulimwita Mama Eddah, kwa jina la binti yake wa kwanza, na wengi wetu hatukuwa tumepata haja ya kujua kwamba ana jina lingine. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Kwao ni Nambale, kule Busia. Alikuja Eldoret akiwa msichana kumlelea binamu yake mtoto, akaolewa na Elphas, mpakiaji wa magunia ya mahindi ambaye siku hizi hufanya kazi Moi's Bridge na kurudi nyumbani Jumamosi kulala. Ni mwanamke mpana, mtaratibu, asiyeinua sauti. Akikasirika utajua kwa chumvi tu.

Shule zilipofungwa mwezi ule wa Machi tuliambiwa ni kwa muda mfupi. Kiarie alingoja huo muda mfupi ukaisha, kisha akalima uwanja wa michezo na kupanda viazi, mbegu akiwa ameletewa na kaka yake kutoka Timboroa. Sisi walimu wa shule za kibinafsi hatukuwa na mshahara. Mwalimu wa sayansi aliuza mitumba. Mimi niliuza ndizi, nikagundua kwamba sina subira na wanunuzi kama vile sina subira na wanafunzi. Mama Eddah aliuza chapati nje ya geti la shule lililofungwa. Katika sisi wote yeye peke yake hakubadilisha kazi wala mahali pa kazi.

Tulipofunguliwa, viazi vilikuwa bado ardhini. Paredi ilifanyiwa katikati ya matuta, watoto wakiwa na barakoa, kila mmoja umbali wa mita moja na mwenzake kama tulivyoagizwa. Ile mita haikutusumbua kupima kwa sababu ndivyo Kiarie alivyokuwa amepanda. Mwaka mpya wa masomo ulipoanza Julai, maana kalenda yenyewe ilikuwa imevurugika, nusu ya uwanja ilikuwa ingali viazi. Tulivila hadi tukavichoka. Baadaye vilisomwa mbele ya wazazi kama "hatua ya shule kujitegemea kwa chakula".

Shida ilikuwa darasa la nane. Kabla ya korona wale watoto walikuwa zaidi ya ishirini. Waliorudi walikuwa kumi na wanne. Wengine walikuwa wamepelekwa kwa nyanya zao, wengine wazazi wao walikuwa wameachishwa kazi na kuwahamishia shule za serikali, na msichana mmoja alikuwa ameolewa na kijana ambaye pia tulimfundisha. Kiarie naye alikuwa ameambiwa kwamba shule yenye watahiniwa chini ya kumi na watano haitakuwa kituo cha mtihani. Watoto wake watafanyia mtihani kwa jirani.

Jirani ni shule iliyo ng'ambo ya barabara. Ina mabasi mawili. Kiarie na mwalimu mkuu wa huko husali kanisa moja, benchi tofauti, na kwa miaka kadhaa wamekuwa wakipeana amani kwa kuinua nyusi. Mzazi akimwona mtoto wake anafanyia mtihani kwenye dawati la jirani, muhula unaofuata atampeleka mdogo wake huko huko. Hilo Kiarie alilijua vizuri kuliko alivyojua mtaala. Alizunguka Langas wiki nzima akitafuta mtoto mmoja wa darasa la nane. Alipata watoto wengi wa darasa la tatu.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, aliingia jikoni. Nilikuwa hapo nimeshika sahani yangu.

"Mama Eddah," alisema, "wewe ulifanya class eight?"

"Nilifika. Sikufanya."

"Kwa hivyo hauna certificate."

"Sina, mwalimu."

Sijawahi kumwona mtu akifurahishwa hivyo na kukosa masomo kwa mwenzake. Alivuta kiti, akaeleza kwamba ni jina tu linahitajika. Jina likiingia watakuwa kumi na watano, watoto watafanyia mtihani kwao, na yeye Mama Eddah atakuwa ameokoa shule bila hata kutoka jikoni.

Mama Eddah alikoroga sufuria. "Ukiandika jina langu, nitafanya huo mtihani," alisema.

Kiarie alicheka na kumwambia hayo wataona mbele. Mimi nilimtazama Mama Eddah na sikuona mahali alipokuwa akicheka.

Nilitarajia mtambo wa usajili ukatae mwaka wake wa kuzaliwa. Uliupokea bila kukohoa. Jumatatu iliyofuata, somo la kwanza, alitokea mlangoni pa darasa la nane akiwa na aproni yake na daftari jipya. Watoto wote walisimama kama wanavyosimamia mwalimu. Akawaambia wakae, wakakaa. Kisha akaenda nyuma kabisa na kuketi kwenye dawati la Nyokabi, msichana mwembamba anayeongoza darasa letu, ambaye ilibidi asogee mpaka ukutani.

Hapo ratiba ya shule ilianza kufuata maharagwe. Maharagwe huiva kwa wakati wake na hayajali hisabati. Hisabati ililetwa asubuhi, yakiwa ndiyo kwanza yamewekwa motoni. Kiingereza kilifuata kabla hayajaanza kukauka, na masomo ya jamii yakahamishiwa alasiri, vyombo vikishaoshwa. Hata hivyo kulikuwa na siku harufu iliingia darasani kabla ya kengele. Mama Eddah angeinua mkono na kusema, "Mwalimu, naomba ruhusa," na darasa zima lingejua ni ruhusa ya nini. Mwaka ule watoto wetu walikula githeri ya mahindi na maharagwe iliyoungua kuliko mwaka mwingine wowote. Hakuna mzazi aliyelalamika. Kukaa na watoto nyumbani miezi ile yote kulikuwa kumewafunza wazazi kuishukuru shule kwa kila kitu.

Ningependa kukuambia kwamba alikuwa na kipaji kilichojificha miaka yote. Hakuwa nacho. Watu hudhani mpishi ataelewa sehemu na asilimia kwa kuwa hugawa chakula kila siku. Mama Eddah hugawa chakula kwa kumtazama mtoto usoni, na swali la hisabati halina uso. Kiingereza alikisoma neno moja moja, kama mtu anayevuka matope na viatu vizuri. Katika somo langu alijitahidi zaidi, isipokuwa insha zake zote ziliishia matangani. Nilimpa "Safari niliyoifurahia" na watu watatu wakazikwa. Nilipomuuliza sababu aliniambia, akiniita "tisha" kama watoto wetu wanavyowaita walimu, kwamba hadithi isiyo na kilio haina mwisho, na kwamba hata mimi nijaribu nione.

Lakini hakukosa darasa hata siku moja. Jioni, baada ya kuosha masufuria, Nyokabi na wenzake wawili walikuwa wakimngoja kwenye benchi la jikoni kurudia hesabu za sehemu. Nyokabi alimfokea kama mwalimu wa zamani. "Mama Cook, si tulisema hapo unapindua ndio uzidishe?" Na Mama Eddah, ambaye angeweza kuwanyima ukoko watoto wote watatu, alifuta na kuanza upya.

Majaribio ya mtihani yalifanywa Januari. Mama Eddah alipata alama mia moja sabini na nane kati ya mia tano. Kwake ilikuwa habari njema, kwa sababu jaribio la kwanza alikuwa amepata mia moja na kitu. Kwa Kiarie ilikuwa habari nyingine kabisa. Alikuwa amewaahidi wazazi wastani wa mia mbili sabini, akauandika kwa rangi nyekundu ukutani mwa ofisi yake. Alikuja jikoni siku hiyo hiyo, na kwa bahati yake mbaya nilikuwa hapo tena, kwa kuwa ndipo mahali pekee pa shule penye joto.

"Mama Eddah, ile Monday ya mtihani, wewe unaweza shikwa na tumbo."

"Tumbo yangu haijawahi nisumbua, mwalimu."

"Basi kichwa." Alikaa kwenye kile kiti. "Sikia. Mtu asipokuja, hahesabiwi kwa mean. Kituo tulishapata, hiyo haiwezi rudi nyuma. Lakini ukikuja, unahesabiwa. Unaona vile iko? Hawa watoto wamesumbuka mwaka mzima."

"Hata mimi nimesumbuka."

"Najua. Lakini wewe ni mtu mzima. Kwani hiyo mtihani ni ya kukusaidia nini?"

Kiarie alipotoka, Mama Eddah aliendelea kukatakata sukuma wiki, nyembamba kuliko kawaida, na bila kuniangalia akanieleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu pale shuleni.

Mwaka wa tisini na tano, alikuwa darasa la nane kule kwao. Mtihani ukiwa umebaki muhula mmoja, mwalimu mkuu alimwita baba yake. Alimwambia kwamba huyu msichana ataangusha shule. Shule imejikokota miaka mingi, sasa inapanda, na mtoto mmoja kama huyu anatosha kuirudisha chini. Akae nyumbani, mwaka ujao ataanza upya akiwa tayari. Baba yake akamshukuru mwalimu kwa kujali. Mwaka ujao ulipofika alikuwa Eldoret amembeba mtoto wa binamu yake mgongoni.

"Mimi niliamini," alisema. "Mpaka leo nikienda kwetu, tukipita hapo kwa hiyo shule naangalia upande ile ingine. Nikawa nafikiria, tisha, ni uzito gani niko nayo? Mtoto mmoja, shule mzima?"

Nilikuwa na hasira, na nasema wazi kwamba ilikuwa hasira ya kutaka kuchukua mwiko na kumfuata Kiarie ofisini. Nilimaliza chai yangu badala yake. Nilimwambia aje mtihani, hata kama ataletwa kwa mkokoteni.

"Nitakuja kwa miguu," alisema.

Ijumaa kabla ya mtihani ilikuwa siku ya maombi. Kila shule hapa hufanya hivyo. Wazazi huja, mchungaji huombea penseli na rula, na kila mtahiniwa husimama na mzazi wake, mzazi amemwekea mkono kichwani. Pilau ya wageni ilipikwa na mtahiniwa. Alipoitwa alitoka jikoni akiwa na mwiko, akasimama mwisho wa mstari, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba hakuna mtu wa kumwekea mkono. Wazazi wake walishafariki, na Elphas alikuwa kazini.

Kisha geti lilifunguka, akaingia Eddah mwenyewe na sare ya kidato cha pili, jasho likimtoka. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni kwao akidai ana maombi ya mtahiniwa wa nyumbani, na walimu wake, wakidhani ni mdogo wake, wakamwachilia. Mama yake ni mrefu kumpita, kwa hiyo Mama Eddah alipiga magoti pale kwenye vumbi. Eddah akaweka mkono wake juu ya kitambaa cha kichwa cha mama yake. Mchungaji aliomba kwa kipaza sauti juu ya mambo makubwa. Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia Eddah akisema kwa sauti ya chini, "Mungu, asiogope hesabu. Asiogope hesabu." Si adabu kusikiliza maombi ya mtu mwingine lakini sikusogea. Macho yaliniwasha, na hakukuwa na moshi upande ule.

Baada ya hapo Kiarie aligawa kadi za kuwatakia heri. Zilikuwa kumi na nne. Alisema dukani ziliisha.

Jumatatu walimu hatukuruhusiwa kukanyaga shuleni, isipokuwa Kiarie, aliyekuwa meneja wa kituo. Nilienda kibanda cha chai kilicho kando ya ua wetu. Ua wetu una matundu, na jiko liko papo hapo, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu na mengine nikayasikia kwa masikio yangu.

Mama Eddah alikuwa amefika mapema na nyama ilikuwa motoni. Kiarie alimfuata jikoni akiwa na suti yake ya buluu. Jaribio lake la mwisho lilikuwa la akili, lazima nikubali. Hakutaja ugonjwa. Alisema, "Na maofisa watakula nini?"

Mtu wa nje huenda asielewe uzito wa swali hilo. Kwetu, msimamizi wa mtihani na askari wakila vibaya, shule nzima huhisi kwamba imekosa maandalizi, hata kama watoto wanajua kila kitu. Mama Eddah alilifikiria kwa heshima zote.

"Nyama iko hapo," alisema. "Vitunguu nimekata. Ukiona maji inaisha, ongeza kidogo, usimwage yote. Moto usizime. Nikitoka kwa English nitasonga ugali."

Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akamkabidhi Kiarie. Kisha akanawa mikono na kwenda kupanga mstari na watoto kumi na wanne.

Askari aliyekuwa akikagua watahiniwa alimwambia wazazi wangojee nje ya geti. Mama Eddah akamwonyesha namba yake ya mtihani. Askari akamwita msimamizi, msimamizi akatazama kwenye karatasi zake, akamtazama yeye, akatazama karatasi tena, na mwishowe wakampekua kama wengine. Mfukoni mwa sweta walipata kitunguu saumu. Kulikuwa na mazungumzo mafupi kuhusu kitunguu saumu. Waliamua hakina majibu, akaruhusiwa kuingia, nacho kikabaki mezani pa askari mpaka jioni.

Asubuhi yote nilimwona Kiarie kupitia tundu la ua, tai ameitupa begani, akipuliza moto na kukohoa. Maji yaliisha, akaongeza, akamwaga yote. Moto ukazimika. Akauwasha tena kwa nguvu ya mtu mwenye deni na jirani, na nyama ikaungua upande mmoja. Msimamizi alikula na kusema ina ladha ya moshi kama nyama ya harusi. Nadhani alikuwa mtu mzuri.

Siku ya pili jioni, baada ya insha, Mama Eddah alinikuta kibandani. Alikuwa amechoka, penseli bado iko nyuma ya sikio.

"Tisha, leo hakuna mtu alikufa," aliniambia. "Nilikuwa karibu kuua mmoja mwisho, nikakumbuka wewe."

Matokeo yalitoka mwisho wa mwezi huo huo. Nyokabi alipata alama mia tatu themanini na moja, akabebwa juu juu kuzunguka uwanja wote, hata ile sehemu ya viazi. Mimi nilienda jikoni na simu yangu. Nilituma namba ya mtihani ya Mama Eddah, tukangoja, yeye akiwa amegeuka upande wa sufuria.

"Mia mbili na tatu," nilisema.

"Ni ya nani?"

"Ni yako. Jina ndio hili, Nabwire Maximilla."

Alichukua simu, akaisoma mwenyewe polepole kutoka juu hadi chini, kisha akanirudishia na kuniomba nisifute. Chakula cha siku hiyo kilikuwa na chumvi sawasawa.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Juu ya geti Kiarie alikuwa ametundika bango: WASTANI 271.4. Hema lilijaa. Elphas alikuwapo, safu ya nyuma, amevaa koti, na Eddah kando yake. Mama Eddah alikuwa nyuma ya hema na masufuria yake, maana wageni ni wageni.

Kiarie alianza kusoma mafanikio. Shule imejitegemea kwa chakula. Shule imenunua tangi la kunawia mikono, na hakuna mtoto hata mmoja aliyepatikana na korona, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa hakuna aliyepimwa. Kwaya imefika ngazi ya kaunti. Masomo ya miezi iliyopotea yamefidiwa yote. Na katika mtihani wa kitaifa, shule imepata wastani wa mia mbili sabini na moja nukta nne, ambapo "wenzetu fulani walio karibu nasi" walipata mia mbili sitini na tisa. Hapo akina mama walipiga vigelegele, na Kiarie akafuta paji la uso kwa leso. Aliwaita watahiniwa mmoja mmoja, wakavishwa mashada ya karatasi za kumetameta. Walioitwa walikuwa kumi na wanne. Nyokabi alisimama pale mbele na shada lake, akageuka kutazama nyuma, kisha akanitazama mimi. Nilijua nikisimama nitatukana, kwa hiyo nilibaki nimekaa nimeshika kiti.

Mama Eddah alitokea kando ya hema, mkono mmoja una upawa. Alingoja makofi yaishe, maana ana adabu. Kisha akainua mkono ule mwingine, vile vile alivyouinua mwaka mzima darasani, na kungoja ruhusa.

Kiarie amekuwa mwalimu maisha yake yote. Mkono ukiinuliwa mbele yake hawezi kuupita. "Ndio, Mama Eddah," alisema, na kipaza sauti kikabeba.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Hiyo mean, ni ya watu wangapi?"

"Ni ya... kumi na nne."

"Na tulifanya tukiwa wangapi?"

Kule nyuma Elphas alisimama.

"Kumi na tano," alisema Kiarie.

"Nilikuwa naomba uhesabu hiyo ya kumi na tano. Nisikie tu."

Nilidhani atakataa. Labda angekataa kama Nyokabi hangekuwa amesimama pale kando yake, akimtazama kama anavyomtazama mtu aliyesahau kupindua ndipo azidishe. Kiarie alitoa simu mfukoni. Alibonyeza tarakimu moja moja mbele ya kipaza sauti, na kila tarakimu ililia. Alihesabu mara mbili.

"Mia mbili sitini na sita," alisema, "nukta tisa."

Mzazi mmoja aliguna. Ilikuwa chini ya jirani, na kila mtu hemani alijua.

"Kwa hivyo mimi nimetoa ngapi?"

"Nne nukta tano."

"Nne?"

"Nne nukta tano."

"Kwa shule mzima?"

"Kwa shule nzima," alisema Kiarie, na sauti yake ilikuwa imepungua. Nadhani naye alikuwa ndiyo kwanza anaisikia hiyo hesabu.

Mama Eddah alibaki amesimama. Midomo yake ilisogea, akirudia ile namba. Kisha akafunika uso kwa aproni na kulia mbele ya watu wote, mabega yakitikisika, upawa bado mkononi. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwa nimemwona akilia, na nililia pia, bila kujificha, na mtu yeyote aliyekuwa pale anaweza kukuambia.

Wazazi hawakuelewa. Walidhani ni aibu. Mama mmoja wa safu ya mbele, ambaye mtoto wake yuko darasa la pili na hakujua lolote, aliinuka akamshika bega.

"Nyamaza, mama," alimwambia. "Nne si nyingi."

Mama Eddah alishusha aproni na kumtazama.

"Ndio," alisema. "Si nyingi. Si nyingi hata kidogo."